Tangi la Tatu

Mama yake Drahomíra aliiona misonobari ya mlimani
ikisimama uchi, mwaka baada ya mwaka,
kama miiba ya samaki iliyosazwa sahanini.
Mvua ilinyesha siki siku hizo.
Kaskazini mwa Bohemia watu walifunga madirisha,
salfa ikaingia hata hivyo, ikaketi ulimini.

Kisha ukajengwa mnara wa kuuogesha moshi.
Tui la chokaa likanyunyizwa, salfa ikanaswa,
ikawa jasi, ikawa kuta za vyumba vya kulala,
na mbingu, tuseme kweli, ikapona.

Lakini sumu haifi. Huhama nyumba.
Iliyokuwa juu imeshuka na maji ya josho:
zebaki, kloridi, seleni,
wapangaji wasiolipa kodi
wanaoulizia njia ya mtoni.

Saa nane na robo usiku. Baridi imeshuka nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Drahomíra ametia chokaa, maji yamepoa ukali;
ametia chumvi ya chuma, zebaki imezama na tope.
Imebaki seleni, sikio la kufa.
Hiyo huachiwa bakteria wa tangi la tatu,
wanaokula molasi na kuivuta seleni
kama sisi tuvutavyo hewa,
wakaiacha punje, nyekundu kama kutu changa.

Na usiku huu molasi imegoma.
Imeganda bombani, nzito kama usingizi.
Radovan anagonga bomba kwa spana,
anatukana kwa Kicheki, anamalizia kwa Kislovakia.
"Wakifa hawa," asema Drahomíra,
"wiki sita kulea wengine."
Anatoka, anakwenda garini,
anarudi na mashine ya kukaushia nywele.

Basi mhandisi, miaka ishirini na miwili kazini,
kapiga magoti thelujini analipuliza bomba
kama ampulizavyo bintiye asubuhi za shule.
Dakika arobaini.
Bomba likakohoa.
Tone. Tone. Uzi.

Kwetu husema maji yakimwagika hayazoleki.
Huku wanayazoa, kila usiku, kwa mshahara.
Alfajiri anajaza chupa, anaandika namba,
namba ndogo, inayoruhusiwa,
na mto unapokea bila ahsante.

Nyuma ya ghala tope limelala maguniani,
limekamuliwa, limebandikwa lebo.
Lori litakuja Alhamisi.
Linakwenda wapi?
Radovan hajawahi kuuliza.
Leo ameuliza.