Shaba Chini ya Nikeli

Bampa la mbele la Shevroleti ya baba
nililibeba begani, limeviringishwa blanketi,
kutoka kituo cha basi hadi mtaa wa La Teja,
na watu wa Montevideo wakanipisha
kama anavyopishwa mwenye jeneza dogo.

Karakana ya Eleuterio Bentancur haina kibao.
Utaijua kwa ukuta uliogeuka kijani
hadi usawa wa kiuno, na kwa mbwa
anayebwekea kila king'aacho.

Hakunisalimu. Alipitisha ukucha
juu ya malengelenge ya kutu,
akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
"Miezi saba," akasema.

Nikamwambia kuna fundi Las Piedras,
yeye ameahidi wiki mbili.

"Basi nenda. Wiki mbili atakupa,
na mvua ya Julai itakurudisha hapa
na maganda mkononi.
Watu hudhani kromu ndiyo kazi.
Kromu ni wanja tu.
Uso ni nikeli, chini ya uso ni shaba,
na chini ya shaba ni mkono wa mtu na msasa
mpaka chuma kisahau kwamba kiliwahi kutoboka.
Ukiona vyang'aa, vimesuguliwa."

Nikajibu kwa kiburi cha kurithi:
baba alilipia shaba. Mwaka wa sabini na nne,
kwa bei ya fahali, alikuwa akituambia mezani,
shaba kwanza, Zulma, na risiti ninayo.
(Risiti hatukuiona, hata tulipogawana mashati yake.)

Wiki ya tatu akaniita.
Asidi ilikuwa imekula kromu ya zamani,
mkondo wa umeme umegeuzwa, nikeli imevuliwa,
na bampa limelala mezani, kijivu,
kama samaki aliyeparwa magamba.
"Nilitazama lilipokuwa likivuliwa," akasema.
"Wekundu sikuuona. Hata wa kuchovya kidole."

Nikeli juu ya chuma kitupu.
Baba yangu, mjuzi wa bei zote, aliibiwa.

Kisha akaligeuza.
Kwa ndani, karibu na tundu la bolti,
mahali ambapo hakuna mteja anayechungulia,
msumari ulikuwa umechora: E. B.
na namba, mia mbili kumi na mbili.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba.
Shaba ilikuwa imeadimika. Bosi akaniambia
litie kwenye nikeli moja kwa moja, nani ataona?
Mwenyewe akaja. Mrefu, koti la kahawia.
Akainama, akajitazama humo,
akachana nywele. Akanipa sigara mbili."

Ni yeye. Kitana hicho ninacho.

Tukanyamaza. Pua ya Eleuterio,
iliyotobolewa na mvuke wa mapipa miaka hamsini,
ilipiga mluzi mwembamba kila alipovuta pumzi.

"Nikeli utalipa," akasema hatimaye.
"Kromu utalipa. Shaba usiingizie mkono mfukoni."

Nilitaka kukataa, ungwana ulinidai hivyo.
Nikakumbuka bei ya mafahali siku hizi.
Nikanywa chai yake chungu kwa mrija
mpaka ikakorota.

Agosti aliniita tena, bila sababu ya kazi.
Lilikuwa linaning'inia kwenye waya,
limetoka kwenye shaba, limesuguliwa, limerudishwa shabani,
jekundu kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Nikamwomba aniachie vile vile.
Akaonyesha ukuta wake wa kijani kwa kidevu,
akalizamisha kwenye nikeli.

Oktoba nikalifuata. "Usiguse kwa vidole," akasema,
"na nta kabla ya baridi, kila mwaka, usiwe mvivu."
Akaliegemeza mlangoni, juani.
Mbwa akapandwa na wazimu.

Nikachuchumaa mbele yake, nikatoa kitana.
Eleuterio akageuza uso,
akajifanya anatafuta kamba ya kufungia.