Ukuta wa Kijivu

Kwanza aliupaka ukuta kijivu,
kijivu kisichopendelea bluu wala njano,
kama hakimu asiye na shemeji mjini.
Fundi wa umeme akacheka: Kornelia,
hiki chumba au kaburi?

Kisha diski nane, kila picha na nakala yake,
na nakala ya tatu kwa dada yake kule Zgierz,
ndani ya mkebe wa biskuti.
Betri ya akiba inakoroma chini ya meza
kama paka aliyeshiba.
Umeme ukikatika, ana dakika kumi na mbili
za kuhifadhi kazi na kutukana.

Akabandika kipimo kwenye skrini.
Kikanyonya mwanga, kikasema:
nyekundu imezidi.
Miaka sita aliuamini wekundu ule.
Miaka sita, watu wake wote
walikuwa na homa kidogo.

Bibi yake, Leokadia, alitia nyuzi rangi hapa Łódź,
katika kiwanda ambacho leo ni duka la viatu.
Hakuwa na kipimo. Alichomoa uzi mmoja,
akauinua dirishani, akangoja wingu lipite.
Taa ina maneno mengi, alisema. Liulize jua.

Saa nane usiku, filamu ya kwanza kwenye mtambo mpya:
mwanamke anamenya viazi.
Kornelia anapunguza wekundu, nukta, nukta nyingine,
hadi mikono ile inapata baridi yake,
mikono ya maji ya Januari.

Anainuka, anavuta pazia.
Nje bado giza.
Anarudi kukaa, hagusi kitu.