Amu Mbili

Kidato cha pili, Jumatatu, baada ya mapumziko.
Ramani imening'inia kwa misumari mitatu,
wa nne uliliwa na kutu tangu mvua za vuli.
Leo ni mito ya bara Asia,
nami theluji niijuayo
ni ile inayoota ndani ya friji ya mke wa Bwana Kae
anayetuuzia barafu za ukwaju, shilingi tano.

Naandika ubaoni: Amu Darya.
Darasa zima linainua uso
kama nimemwita mtu aliyemo chumbani.
Famau, dawati la nyuma, magoti hayamtoshi chini ya meza:
"Mwalimu, jina wametuibia wao
au tumewaibia sisi?"
Kicheko. Hata mimi.

Darya kwao ni mto, nawaambia.
Amu, husemwa, ulikuwa mji ukingoni mwake;
mji ukapotea, mto ukabaki na jina.
Sisi mji tunao. Mto ndio hatuna:
mkondo wa chumvi mbele ya nyumba,
na maji matamu ya kuvizia chini ya mchanga wa Shela.

Unaanzia wapi? Milimani, Pamir, juu kabisa.
Unaishia wapi?
Hapo naona haya, kama niulizwaye habari za ndugu.
Ulikuwa na bahari yake. Waliukamua njiani
kwa ajili ya pamba,
sasa unafia jangwani
kama mgeni aliyekosa mlango.

Nachora wilaya ya mpakani.
Kwanza mstari wa buluu:
huku nchi, kule nchi.
Kisha vijiji, nukta nukta,
maana majina yake kitabu hakikujisumbua.
Penye kijito kinachoporomoka kutoka jabalini
ndipo penye kijiji, mforsadi, ukuta wa udongo,
vishamba vya upana wa mkeka.
Pasipo kijito hapana mtu.
Na vijiji viwili vyatazamana,
jogoo wa huku akiwika wa kule humjibu,
ila mwenye kutaka kumpa pole jirani yake
ashike njia siku mbili hadi darajani
na karatasi yenye mihuri.
Andikeni hayo, nasema. Huulizwa.

Esha Bunu haandiki.
Anakaa kwa shangazi yake Langoni, kwao Ishakani,
na tangu Januari sijaisikia sauti yake
ila kwenye kuitika jina.
"Mwalimu, sisi mpaka wetu hauna maji."
Kimya.
"Ni vichaka tu. Nyanya yuko upande wa pili.
Alikuwa akija kwa miguu na chupa ya samli,
akifika na jasho halijamkauka.
Siku hizi ni simu.
Na simu yenyewe hutukaribisha nchi ya watu
tungali jikoni kwetu, tunakuna nazi."

Nampa chaki. Chora.

Anaanza na kisima.
Kisima kikubwa, kikubwa kuliko Asia yangu.
Kisha nyumba ya nyanya, mlango wake umeangalia huku.
Zizi. Mbuzi wanne, mmoja amevunjika pembe.
Njia ya miguu, anaipinda pale, anaipinda tena,
"hapa pana miba."
Kaburi la mtu asiyemtaja.
Mstari wa mpaka anautia mwisho,
anaupitisha palipobaki nafasi,
na katikati ya mbuzi chaki inakatika.

Anarudi kuketi, anapangusa vidole kwenye buibui.
Natazama mchoro wangu:
mimi nilianza na mstari.
Mtihani nao huanza na mstari,
nami nina watoto thelathini na wanane wa kufaulisha.

Kengele.
Zamu ya ubao ni ya Famau.
Anafuta jabali, theluji, mto wenye jina letu,
wilaya yote kwa mikupuo mitatu,
anabeba begi.
"Famau, umeacha kisima."
"Mkono haukufika, mwalimu,"
asema yeye, mrefu kupita darasa zima,
na kichwa anainama ili apite mlangoni.