Guni

Shairi lisilo vina, ni nyumba isiyo dari,
Mizani ikipishana, hilo guni, si shairi,
Ndivyo tulivyofunzana, kwa bakora na kwa ari,
Nikaapa kwa bayana, guni sitalikariri.

Jina langu gazetini, Sumu ya Nge, mtu mbaya,
Nikiwakamata guni, nawachapa bila haya,
Hata huku ugenini, nikaja na zile taya,
Mpaka siku dukani,

duka la hisani, Barabara ya Perth, Dundee,
nguo za marehemu zimepangwa kwa rangi.
Nilinunua koti, pauni nane.
Kazi yangu ni kupekua mifuko
katika chumba cha kufulia cha hospitali,
kabla nguo hazijaingia mashineni:
nimewahi kutoa meno, pete, nusu ya sandwichi.
Lakini koti langu mwenyewe sikulipekua
hadi kituo cha basi, vidole vilipokufa ganzi.

Kijitabu. Chembamba kama daftari la madeni.
Elspeth Gourlay, karani wa posta.
Hakuna picha.
Ukurasa wa tisa, chini ya neno "Jumanne":

*Nimechemsha mayai mawili.*
*Moja limepoa.*

Basi.
Nikafunua, nikitafuta beti zilizobaki.
Ukurasa wa kumi ulikuwa mweupe.
Maneno nilikuwa nimeshayatia katika lugha yangu,
nikayahesabu kwa vidole: kumi na moja, kisha sita.
Nikacheka peke yangu ndani ya basi,
kicheko cha Sumu ya Nge,
mtoto wa kiti cha mbele akageuka.

Usiku, zamuni, nikampa Wiesława wa pasi
naye acheke.
Akasoma. Akaisimamisha pasi kwa kisigino chake,
mvuke ukapanda baina yetu.
"Mumewe amekufa lini?"
Nani kakwambia kuna mume?
"Yai," akasema,
akarudi kwenye mashuka yake.

Asubuhi ile sikulala.
Nilikuwa nimemtungia ndugu yangu Faki
tanzia ya beti ishirini na nne,
vina vimenyooka kama gwaride,
mauti nimeyafananisha na kila kinachofananishwa,
mwizi, kiza, mti uliokatwa ungali na maua.
Gazeti liliichapa nzima. Watu walisifu ufundi.
Mama aliomba asomewe kwa simu,
akasikiliza mpaka kaditama,
kisha akauliza,
"Na Faki yuko wapi humo?"
Nilidhani ni uzee.

Sisemi vina ni uongo.
Bado navipenda; bado nashuka kuelekea mto Tay
kwa hatua nane, pumzi, hatua nane.
Ila nilikuwa sijui kuwa weupe wa karatasi una uzito,
kuwa mtu anaweza kunyamaza pale pa kutia kina
na kina ukakisikia,
mchana kutwa, ukiwa unakunja foronya za watu.

Nimekisoma chote, mara nne sasa.
Kuna shairi la funguo silielewi.
Kuna jingine la mvua ambalo, kusema kweli, ni baya.
Lakini kila nikipika chochote
naangalia sufuria kwanza.

Leo ni Jumapili, kumeganda nje.
Nimekaa jikoni na koti, mikono yake imenizidi,
sijui ya nani.
Nimeandika:

*Taulo la Faki lilikuwa la kijani.*
*Lilikuwa bado bichi tuliporudi makaburini.*

Vidole vikahesabu vyenyewe, mezani, bila kuulizwa.
Kumi na nne. Kumi na nane.
Guni.
Nimeliacha hivyo.
Nampigia mama.