Ritifaa

Kope iliyodondoka juu ya karatasi,
ndivyo inavyoonekana kwa asiyeijua.
Sisi huku Kisumu tumezaliwa nayo.
Imekaa katikati ya majina yetu, Nyang'or, Ong'wen,
ikiyapitisha puani kabla hayajafika mdomoni.

Programu ya maktaba haikuijua.
Ukiandika Nyang'or, ilikata jina palepale
kama panga kwenye muwa,
ikatafuta Nyang, ikatafuta or,
ikajibu kwa adabu zake: hakuna kilichopatikana.

Hakuna! Na tasnifu yake nimeishika,
kurasa mia mbili na kumi na nne
za ningu wapandao Nzoia mto ukifurika,
nimeipiga skani mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa,
Jumamosi tatu, bila hata chai ya ofisi.

Mama huuliza nani atanilipa.
Programu hii haina mwenyewe, mama,
ndiyo maana ina wenyewe wengi.
Jibu hilo halinunui unga, najua.

Nikaandika taarifa ya hitilafu, mistari minne,
kwa Kiingereza changu cha kupigwa pasi.
Wiki mbili kimya.
Kisha Ilze, wa Riga: Naelewa.
Herufi za kwetu huvaa kofia, na mashine huzivua.
Akatuma kiraka. Kiraka kikaponya jina
kikaua tarehe: vitabu vyote vikawa vya mwaka sifuri.
Mtu wa Cochabamba akakifumua, akakishona upya;
lugha ya bibi yake, alisema, ina ritifaa kama mbigili.
Bado kidogo.

Usiku ule stima ilirudi saa tatu
nao usubi wa ziwani ukaingia kwa dirisha
ukatanda kwenye kioo cha kompyuta
hata hatukujua ritifaa ni ipi, mdudu ni yupi.
Bilha, muuza vipuri wa Kibuye, akapuliza.
Kilichobaki kioni, Mudaki akakirekebisha.
Mistari sita. Yeye hufundisha hesabu Kondele,
hapendi maneno mengi.

Jina lake limeandikwa, ndiyo,
huko chini kabisa ambako wasomaji hawashuki.

Mjane wa Nyang'or alikuja Alhamisi kutoka Ugunja,
viatu mkononi kwa sababu ya tope.
Hakutaka tumwandikie.
Akaandika kwa kidole kimoja, N, y, a, n, g,
akasita, akaitafuta ile kope kwenye vitufe,
akipita juu yake, akirudi, akipita tena.
Bilha alitaka kumwonyesha.
Nikamkanyaga mguu.