Lile la Shambani

Mwalimu Yonadabu hana ubao.
Ameandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya kahawa,
kutoka kulia kwenda kushoto,
herufi ambazo hapa Namanyonyi
watoto huziita majembe yaliyolala:
avoda.

"Maana yake?"
Kazi, akasema Wabuyi, ambaye hapendi kazi.
Ndiyo.
Sala, akasema binti wa mshona viatu.
Ndiyo pia.
Mimi nilinyamaza, nikisikia ndani yake
ibada ikikohoa:
ndugu wa tumbo moja waliopotezana sokoni,
mmoja akalelewa na Waarabu, mwingine na manabii,
leo wamekutana Mbale, mlangoni pa stoo,
pua ile ile.

Mwalimu akaendelea. Adamu alipewa bustani ailime,
ni neno hilo.
Farao akawavunja watu migongo kwa matofali,
ni hilo hilo, halijabadili hata shati.
Kuhani na ubani wake, hilo.
Na anayeisujudia sanamu, ole wake, hilo pia.
"Neno gani hili," Wabuyi akanung'unika,
"lisilochagua mgeni?"

Hapo bibi Khainza, aliyekuja kupepeta buni tu,
akaweka ungo chini.
"Rudia. Kazi na sala, neno moja?"
"Moja, bibi."

Mwaka ule wa marufuku
mlango wa sinagogi ulipigiliwa misumari.
Bibi akawa anasali shambani alfajiri,
ameinama kati ya mibuni,
mkono kwenye magugu, mdomo kwenye Jina.
Askari akatokea.
Kiswahili kilipanda milima yetu kimevaa buti,
na bibi alikuwa na neno lake moja tu.
"We mama! Unafanya nini hapo?"
"Kazi."
Akalitazama jembe. Akaenda zake.

Uongo haukwenda naye.
Ulibaki, mdogo, mgumu,
kama punje ya buni iliyoingia kiatuni.
Kila Siku ya Kipuri, bila chakula, bila maji,
bibi alijipiga kifua
kwa wivu, kwa ulimi mkali, kwa kuku wa jirani,
kisha, kwa sauti ya chini: na lile la shambani.
Zaidi ya miaka arobaini.
Sisi tulidhani ni habari ya mwanamume.

Sasa anautazama mlango,
yeye asiyejua hata herufi moja,
kama mtu anayesoma risiti.
"Kumbe sikumdanganya."
Akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika,
Wabuyi akakimbilia maji.
"Na mifungo yangu yote ile,
nani atanirudishia, mwalimu?"

Mwalimu akafungua kinywa,
akakifunga,
akafuta chaki kwenye suruali.
Bibi hakungoja jibu. Aliuinamia ungo,
makapi yakaruka,
midomo yake ikienda,
na hakuna aliyemuuliza
anafanya nini.