Upande wa Kushoto

Mchana natengeneza meno ya watu.
Nta, plasta, kisu chembamba cha kuchongea fizi.
Wazee wa Kibosho na Uru hutafuna nyama kwa kazi yangu
wala hawanijui sura.
Saa kumi na moja nafunga karakana,
visu vile vile naviviringisha ndani ya khanga chakavu
na kurudi navyo Pasua,
ambako juu ya meza ya kupigia pasi
ananingoja farasi asiye na macho.

Jirani huuliza: kwa nini si ng'ombe?
Ng'ombe nimemkamua tangu nina miaka saba,
sina swali naye.
Farasi nilimwona ukubwani, njia ya Machame,
asubuhi ya manyunyu:
alitokeza kwenye mibuni, mgongo ukifuka mvuke
kama chungu kilichofunuliwa,
akanitazama kwa jicho moja,
karani anayelijua jina lako na hataki kulitamka.
Tangu siku hiyo nadaiwa.

Udongo nautoa Mabogini, ukingoni mwa mfereji wa mpunga,
mweusi, mnato, umejaa vijizizi vya kuokota kwa sindano.
Ukiukanda kwa haraka, hewa hubaki ndani,
na moto haufichi siri: sikio hupasuka.
Nyuma ya banda la kuku
nimefukia masikio ya kutosha kikosi kizima.

Tanuri sina. Mbwambo, mchoma matofali,
hunipa nafasi katikati ya pumba za mpunga,
vichwa vitatu kati ya matofali elfu sita.
"Mama Aikande," husema, "wewe unamjengea nani?"

Rangi ndiyo huniumbua.
Farasi mwekundu si mwekundu.
Chini yake pana kahawia, chini ya kahawia pana zambarau,
na ndani ya mwanzi wa pua, waridi ya fizi.
Hiyo angalau naijua kwa mshahara.

Mwezi wa tatu akaja Kalebi Ndesario,
aliyetunza farasi miaka ishirini na sita
kwenye shamba ambalo sasa limekatwa viwanja.
Alifuata meno, taya la chini.
Akakiona kichwa kimoja dirishani.
Hakukisifu.
"Huyu hajawahi kuvaa lijamu."
Umejuaje?
"Pembe ya mdomo. Haina kumbukumbu."

Wake aliitwa Pilato,
kwa kuwa miguu yote minne ilikuwa myeupe, kama aliyenawa.
Picha hakuna. Nani angempiga picha mtunza farasi
na farasi asiye wake?
Basi Jumapili tano alikaa jikoni kwangu,
macho kayafumba, mikono juu ya udongo mbichi:
hapa palikuwa na bonde.
Hapa mshipa, hupanda akiudhika.
Hapa lango lilimgonga, weka kovu, usilipambe.
Nami nikachonga nyuma ya vidole vyake,
nikifuta ustadi wangu kidogo kidogo.

Jicho huja mwisho.
Nyeusi, kahawia, tone jeupe dogo kuliko chenga ya mchele,
kisha vanishi mara tatu.
Ndani ya tone lile nilichora mlango wa zizi
na mtu mwenye ndoo.
Hakuna atakayemwona. Hata mimi sasa simwoni.

Alipokuja kumchukua, alisimama kizingitini,
kofia mkononi, kama mtu aliyechelewa ibada.
Hakumwendea kwa mbele.
Aliizunguka meza, polepole, akashika upande wa kushoto,
kiganja kimekunjuka, vidole vimebanana,
na katika kinywa kile, kati ya meno niliyoyaweka mimi,
ulimi ukagonga mara mbili, ile sauti ndogo ya kuita.

Nami, mjinga mimi,
nikayatazama masikio.